Lami Ikianza, Toa Fowili

Masika yakikolea, kati ya Machi na Mei, njia zinazoshuka kutoka Sambasha, Timbolo na Ilboru ya juu hujaa pikapu tangu alfajiri. Zimebeba ndizi, viazi, maziwa na mboga, zinateremka kwenye tope kuyawahi masoko ya Arusha mjini. Dereva ameweka fowili, yaani magurudumu yote manne yanavuta, tangu getini kwake, na amefanya sawa, kwa kuwa udongo wa Mlima Meru ni majivu ya volkano yaliyooza kwa maelfu ya miaka. Unalisha migomba na kahawa, lakini ukilowa haushiki tairi. Mbele kidogo njia inagusa lami. Kazi ya fowili imekwisha hapo, ila mkono wa dereva hauendi kwenye gia. Gari linakata kona kuingia barabara kubwa, usukani unakuwa mzito ghafla, tairi za mbele zinalia, kitu kinagonga chini ya sakafu. Dereva anaongeza mafuta.

Kugonga huko ni chuma kinacholazimishwa. Gari halitakufa siku hiyo, na pengine litaendelea miezi mingi bila dalili. Lakini wanaonunua pikapu kwa mkopo wa ushirika, au kwa fedha za mavuno ya misimu kadhaa, wanastahili kuelezwa kinachotokea pale chini, kwa sababu madhara haya yanaepukika bila kununua chochote.

Pikapu nyingi za huku, iwe Toyota Hilux, Land Cruiser 79, Isuzu D-Max, Ford Ranger au Nissan Navara, zina fowili ya kuweka na kutoa. Gia ya transfa ikiwa H2, nguvu ya injini inapita giaboksi, inaingia transfa, kisha inakwenda kwenye difu ya nyuma peke yake. Ukiweka H4, transfa inafunga propela ya mbele na ya nyuma pamoja. Kuanzia hapo propela hizo mbili zinazunguka kwa kasi moja, upende usipende. Difu ya mbele inaruhusu gurudumu la kushoto na la kulia kupishana kasi, na difu ya nyuma vivyo hivyo. Kati ya mbele na nyuma hakuna cha kuruhusu.

Sasa gari likate kona. Magurudumu ya mbele hupita nje, kwenye duara kubwa zaidi, na ya nyuma hukatiza ndani. Kila aliyewahi kuona tairi ya nyuma ikipanda ukingo ambao ya mbele iliukwepa amelishuhudia jambo hili. Tupige hesabu yake. Hilux dabo kebini ya toleo la 2015 ina mita 3.085 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Likipinda robo duara kwenye makutano finyu, ekseli ya nyuma ikifuata duara lenye nusu kipenyo cha mita 5, nyuma itatembea kama mita 7.9 na mbele kama mita 9.2. Mbele inahitaji kutembea zaidi ya mita moja ya ziada, na transfa imeikataza. Mita hiyo lazima itoke mahali. Kwenye tope inatoka kwa urahisi: tairi moja inateleza kidogo na mambo yanaendelea, wala dereva hajui. Kwenye lami kavu tairi imeng'ang'ania, haitaki kuteleza. Kwa hiyo propela na shafti zinasokotwa kama shuka linalokamuliwa na watu wawili, hadi tairi ishindwe na kuruka, au chuma kishindwe kwanza.

Kinachoshindwa hutofautiana. Mara nyingi tairi ndizo hutangulia, zikaliwa kingo na kuacha mistari myeusi barabarani. Krosi za propela huanza kulegea na kutoa mlio wa kugonga unapoachia klachi. Viungo vya shafti za mbele huchoka, hasa gari likipindishwa hadi mwisho wa usukani. Kwenye transfa zenye mnyororo, mnyororo unavutika. Difu ya mbele ya Hilux ni ndogo kuliko ya nyuma, kwa hiyo inapobebeshwa mzigo wa kusokotwa kila siku, meno yake yana haki ya kulalamika mapema. Fundi anayelifungua gari kama hilo hukuta uchakavu wa taratibu wa vitu vingi kwa pamoja, na mwenye gari hujiuliza kwa nini matengenezo hayaishi.

Kuna sababu inayowafanya madereva wengi wasiamini maelezo haya. Wameendesha fowili kwenye lami ndefu, pengine Usa River hadi Tengeru, na hawakusikia chochote. Ni kweli, na hesabu inaonyesha kwa nini. Kona pana ya barabara kuu yenye nusu kipenyo cha mita 200, hata ikigeuza gari robo duara zima, inaacha pengo la sentimita 4 tu kati ya mbele na nyuma. Tairi inaimeza tofauti hiyo kimya kimya. Balaa hutokea gari linapoacha barabara kuu na kuingia kituo cha mafuta, likazunguka pampu, likarudi nyuma kuegesha.

Hata barabara iliyonyooka haina usalama kamili, na hapa namwomba msomaji aende akazitazame tairi zake. Wengi wetu hununua tairi mbilimbili, wakati mwingine moja moja, na mpya zinafungwa nyuma kwenye mzigo huku mbele zikibaki zilizolika. Tairi iliyolika ina mzingo mdogo, hivyo hulazimika kuzunguka mara nyingi zaidi kwa umbali uleule. Tofauti ya asilimia 1 tu kati ya mzunguko wa mbele na wa nyuma ni mita 10 katika kila kilomita. Upepo usiolingana unachangia, na hata mzigo wa mchanga unaoikandamiza nyuma nao una mchango wake mdogo. Mwenye pikapu ya fowili anatakiwa awe na tairi nne za saizi moja, zinazokaribiana kwa kulika. Hilo lina faida hata kwenye tope.

Kuna imani nyingine inayonisumbua kuliko zote, kwa sababu inagusa uhai. Ni ile ya kuweka fowili kwenye lami kwa kuwa mvua inanyesha. Dereva anaona maji barabarani, anakumbuka tope la kijijini, anavuta gia. Lami iliyolowa inashika tairi kidogo kuliko lami kavu, hilo ni kweli, na dakika za kwanza za mvua baada ya kiangazi ni mbaya zaidi kwa kuwa vumbi na mafuta yaliyomwagika yanaelea juu. Lakini bado inashika kiasi cha kutosha kuisokota propela kwenye kona. Haishiki kiasi cha kumwokoa dereva aliyezidisha mwendo. Magari yote hufunga breki kwa magurudumu manne, yenye fowili na yasiyo nayo, kwa hiyo fowili haimpunguzii mtu hata hatua moja ya kusimama. Inachofanya ni kulisaidia gari kuondoka na kuongeza mwendo, na hapo dereva hudanganyika: gari linavuta vizuri, anajiona yuko salama, anakuta kona. Magurudumu ya mbele yanayovutwa kwa kasi isiyo yao huwa mazito kugeuka, na pua ya gari husukumwa nje ya kona. Fikiria sasa pikapu hiyo ina watu nyuma kwenye bodi, kama zilivyo nyingi siku za mnada na misiba. Kwenye lami yenye mvua dawa ni mwendo mdogo, tairi zenye meno na nafasi kubwa kati yako na gari la mbele. Gia ya transfa ibaki H2.

Tatizo hili si geni kwa watengenezaji. Land Rover ya kwanza, iliyoonyeshwa Amsterdam mwaka 1948, ilitoka kiwandani magurudumu yote manne yakivuta muda wote, na wahandisi wake waliweka kifaa cha kuiachia ekseli ya mbele itangulie inapobidi, ili isisokotane na ya nyuma. Kifaa hicho hakikudumu. Kufikia 1950 walikiacha wakaweka utaratibu wa kuchagua, magurudumu mawili kwa lami na manne kwa pori, ambao ndio uliozoeleka katika pikapu za dunia nzima. Mwaka 1970 Range Rover ilikuja na jibu jingine: difu ya tatu, iliyokaa katikati, kati ya propela ya mbele na ya nyuma. Difu hiyo inaruhusu mbele kutangulia kwenye kona, hivyo magurudumu manne yanaweza kuvuta kwenye lami siku nzima bila ubishi. Mwaka 1983 mpango huo uliingia kwenye Land Rover One Ten, mama wa Defender zinazojaa Arusha.

Arusha ni mji wa Land Rover, na aliyekuwepo Oktoba 2024 mamia yao yalipokusanyika kwa tamasha na msafara hahitaji kuambiwa. Ndani ya msafara ule kulikuwa na magari ya tabia mbili tofauti kabisa chini ya bodi zinazofanana. Land Rover za zamani za Series zina fowili ya kuweka na kutoa, kama Hilux. Defender zina difu ya katikati, na zinavuta kote muda wote. Ila Defender nayo ina mtego wake: gia ndogo ya transfa inaweza kuifunga ile difu ya katikati kwa ajili ya tope, na taa ya rangi ya chungwa inawaka. Difu ikiwa imefungwa, Defender inageuka kuwa sawa na Hilux iliyo H4, na masharti ya lami ni yaleyale. Dereva wa Defender anayesema gari lake halina shida na lami yuko sahihi taa hiyo ikiwa imezimika.

Kwa hiyo kabla ya kufuata ushauri wa jirani, lijue gari lako. Jirani anaweza kuwa na Prado au Land Cruiser 100 yenye difu ya katikati, akakwambia yeye huenda Moshi na kurudi magurudumu yote yakivuta, na hasemi uongo. Mitsubishi L200 ndiyo inayochanganya watu zaidi. Zipo zenye chaguo nne, 2H, 4H, 4HLc na 4LLc. Hizo zina difu ya katikati, na 4H yake inaruhusiwa kwenye lami. 4HLc ndiyo iliyofungwa, ni ya tope tu. Zipo L200 nyingine zenye chaguo tatu, 2H, 4H na 4L. Hizo hazina difu ya katikati, na 4H yake haifai kwenye lami. Alama ni ileile, maana ni tofauti. Magari mengi yanatufikia yakiwa yametumika Japani, na kitabu kilichomo kwenye droo ya dashibodi kimeandikwa Kijapani, kama kipo. Usikisie kwa sura ya gari. Muulize fundi anayezijua transfa, au jaribu mwenyewe: tafuta uwanja mtupu ulioshindiliwa vizuri, weka H4, pinda usukani hadi karibu na mwisho, uende mwendo wa mtu anayetembea kwa mita chache. Gari likijikaza, likawa kama limeshikwa breki na kuruka-ruka, halina difu ya katikati. Simama hapo hapo, jibu umelipata.

Magari ya utalii yanayorefushwa katika karakana za Arusha yanahitaji uangalifu wa ziada. Pengo kati ya njia ya mbele na ya nyuma huongezeka haraka kuliko urefu wenyewe: ukirefusha umbali kati ya ekseli kwa asilimia 20, pengo kwenye kona ileile linakua kwa takriban asilimia 40. Land Cruiser iliyoongezwa viti inasokotwa zaidi kwenye lami kuliko ilivyotoka kiwandani, na inaendeshwa na watu wanaotoka kreta ya Ngorongoro wamechoka, wana wageni wa kuwahisha. Lami ya kurudi Karatu na Arusha inaanza geti la Lodoare. Pale pale getini, wakati wageni wanachimba dawa, ndipo pa kuhakikisha taa ya fowili imezimika.

Kutoa fowili kwenyewe kuna ustadi wake mdogo. Nyoosha usukani kwanza. Achia mafuta ili injini isivute wala isizuie, kisha rudisha H2. Kutoka H4 kwenda H2 magari mengi ya sasa huruhusu ukiwa unatembea; L4, yaani gia nzito ya magurudumu manne, inataka usimame kabisa na giaboksi iwe nyutro. Ikiwa umeshakata kona moja kwenye lami, gia inaweza kugoma, au taa ikaendelea kupepesa ingawa umeshabonyeza. Usiivute kwa nguvu. Meno yamebanwa na ule msokoto, na kinachotakiwa ni kuulegeza. Rudi nyuma mita chache, kwa njia ileile uliyopinda ikiwezekana, na mara nyingi gia itaachia yenyewe kwa mshindo mdogo. Kama nyuma kuna bodaboda na daladala, ingiza magurudumu ya upande mmoja kwenye vumbi la pembeni, tembea taratibu, tairi zitateleza na chuma kitapumua. Lililo bora zaidi ni kuitoa ukiwa bado kwenye udongo, hatua chache kabla ya lami, mahali pameshakuwa tambarare.

Kwa wenye Land Cruiser za habu za kuzungusha kwa mkono, zenye maandishi FREE na LOCK katikati ya gurudumu la mbele, kuna hofu isiyo na msingi. Habu zikiwa LOCK huku gia ya transfa iko H2, hakuna msokoto. Shafti za mbele zinazunguka bure, unapoteza mafuta kidogo na kusikia mvumo, basi. Wakati wa masika mtu anaweza kuziacha LOCK wiki nzima na kucheza na gia tu, na huko ndiko kuokoa muda, maana hakuna anayependa kuchutama kwenye tope saa kumi na moja alfajiri. Kinyume chake kina faida ambayo wachache wanaitumia. Habu zikiwa FREE na gia ikiwa L4, unapata gia nzito bila kuivuta ekseli ya mbele. Inafaa kulirudisha trela nyuma polepole kwenye ua wenye zege, au kupanda mwinuko mkali wa lami bila kuiunguza klachi. L4 huzidisha sana nguvu ya kuzungusha, na ikiwa habu ni FREE nguvu hiyo yote inaishia ekseli ya nyuma. Guu la mafuta liwe jepesi, na gari lililokwama tope lisinasuliwe hivyo. Habu zilizoandikwa AUTO hazihesabiki hapa, kwa sababu huweza kujifunga zenyewe.

Kitufe cha kufunga difu ya nyuma, kwa wenye nacho, ni habari nyingine. Hicho kinafunga gurudumu la kushoto na la kulia pamoja, na kwenye lami hakina nafasi hata kwa kona moja. Kitumike gari limekwama, kizimwe likitoka.

Sheria hii haina ukali wa kutotazama barabara. Makutano mengi ya Arusha wakati wa mvua yana lami kwa jina tu, juu yake kuna tabaka la tope lililoletwa na tairi za malori ya mchanga. Ukikata kona juu ya tope hilo ukiwa H4, tairi zitateleza na hakuna kitakachoumia. Vivyo hivyo kipande cha zege chenye kokoto nyingi, au daraja ambalo mto umelijaza mchanga. Ziko pia njia za upande wa juu wa mji ambako lami na tope hupokezana kila mita mia. Huko sitegemei dereva acheze na gia kila hatua. Anyooshe usukani akiwa juu ya lami, apinde akifika kwenye udongo, aende taratibu. Kinachotazamwa ni kama tairi ina nafasi ya kuteleza. Usukani utakujulisha kabla ya kitu kingine chochote. Ukianza kuwa mzito na kutaka kujinyoosha wenyewe, tayari uko kwenye lami.

Kuna wanaosikia maelezo haya wakaogopa, wakaacha kuigusa fowili mwaka mzima. Nayo ni hasara. Mafuta ya difu ya mbele hutulia chini, meno ya juu hukauka, uma wa ndani ya transfa hushika kutu, na siku ya tope gia haiingii. Vitabu vya Toyota kwa magari ya aina hii hushauri kuendesha walau kilomita 16 kila mwezi magurudumu ya mbele yakivuta. Upande wa kaskazini wa Meru, kuelekea Ngare Nanyuki na vijiji vya Oldonyo Sambu, mlima unazuia mvua na vumbi halikosekani sehemu kubwa ya mwaka. Rafu rodi ya aina hiyo inafaa kwa zoezi hilo, gari likiwa tupu na mwendo wa kawaida. Ukirudi, na hasa kama ulivuka maji yaliyofika ekseli, mwambie fundi afungue nati ya difu ya mbele atazame mafuta. Yakiwa meupe, maji yameingia, na yabadilishwe siku hiyo hiyo.